Picha Haina Magoti ya Bibi

Saa tisa alasiri, Mama Futi alisimamisha cherehani yake. Kazi haikuwa imekwisha. Magauni matatu yalining'inia kwenye msumari yakimsubiri. Lakini chumba kilikuwa kimewaka. Bati lilikuwa juu ya kichwa chake, na dirisha lilikuwa moja tu, nalo lilitazama jua linakozama. Jasho likidondoka kwenye satini nyeupe, fundi hana la kumwambia mteja. Kwa hiyo kila siku, saa tisa, alikaa akijipepea kwa kipande cha karatasi mpaka jua litulie.

Jina lake la utani lilitokana na futikamba, ule utepe wa kupimia unaovaliwa shingoni na mafundi cherehani. Wake haukutoka shingoni kamwe. Watu walisema analala nao, naye hakubisha.

Yeye na mumewe waliishi ghorofani, vyumba viwili vya kupanga. Chumba cha pili kilikuwa cha mama mkwe wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi. Bibi alikaa dirishani kuanzia asubuhi. Alijua nani amenunua godoro jipya na nani hasemeshani na nani. Waliopita chini waliinua shingo kumsalimia, naye aliwaitikia kwa sauti iliyofika kituo cha basi.

Zamani Bibi alikuwa hakaliki nyumbani. Msiba, harusi, mgonjwa, mtoto mchanga, kote alifika yeye kwanza. Kisha magoti yakagoma. Kati yake na mtaa kulikuwa na ngazi ishirini na tatu, na sasa ulikuwa unakwisha mwaka na miezi minne hajazishuka kwa miguu yake. Siku za kliniki, wanaume wawili walimbeba juu ya kiti.

"Nashushwa kama kabati," alilalamika. "Tena kabati lina nafuu. Halisikii watu wakipiga kelele, shika vizuri, shika vizuri."

Mtu alipobisha hodi na kuuliza kama Bibi yupo, Mama Futi alikuwa na jibu lake moja: "Yupo. Atakwenda wapi?" Watu walicheka. Bibi alicheka kuliko wote. Siku moja Mama Futi aliuona uso wa mama mkwe wake baada ya kicheko kwisha, na tangu hapo neno lile lilimchoma kila alipolitamka. Lakini ulimi ulikuwa umeshazoea, nalo lilimtoka kabla hajalishika.

Walikuwa wakiota kujenga siku nyingi, lakini sasa ilikuwa lazima. Walitaka kumshusha Bibi chini, akae mahali ambapo atafungua mlango mwenyewe na kutoka mwenyewe.

Mume wa Mama Futi alikuwa kinyozi. Kwa miaka minane yeye na mkewe walijinyima, na hatimaye wakapata kiwanja kidogo pembezoni mwa mji, penye mwarobaini mmoja mkubwa katikati. Ramani walikuwa nayo siku nyingi. Ilikuwa kwenye kalenda.

Kalenda yenyewe ilitolewa na duka la rangi. Miezi yake ilishapita zamani, ila picha haikuchakaa: nyumba nyeupe, vioo vikubwa mbele, paa lililochongoka, bomba la moshi, mlango wa bluu, na ngazi pana za kupandia mlangoni. Kinyozi aliitundika mbele ya kiti cha wateja. Nusu ya mtaa ilikuwa imenyolewa ikiitazama nyumba ile, na kila mtu alikuwa na lake la kusema. Wengine walikwisha kuchagua chumba watakacholala wakija kutembea. Bomba la moshi hakuna aliyejua ni la nini, lakini wote walikubaliana lisikose.

Fundi mwashi aliyepewa kazi aliitazama picha mara moja tu. Alisema hiyo kwake si kazi, ni mchezo. Jumapili mwarobaini ungekatwa, na Jumatatu msingi ungeanza kuchimbwa. Alhamisi kinyozi aliileta kalenda nyumbani na kuibandika ukutani juu ya cherehani, mkewe apate kushona akiitazama. Alikuwa na furaha hata akasahau kula.

Ijumaa alikuja mteja mgeni. Alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vimejaa vumbi, penseli imechomekwa kwenye nywele. Alisema yeye ni msanifu wa majengo, yaani kazi yake ni kuchora nyumba na kuifikiria vizuri kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Mdogo wake alikuwa anaolewa, naye mwenyewe alitaka gauni la kuvaa siku hiyo. Akatoa simu na kuonyesha picha ya msichana mrefu, mwembamba kama fimbo.

"Nataka hili hili," alisema. "Lisipungue hata kifungo."

Mama Futi aliitazama picha, akamtazama na mteja. Maneno aliyoyasema alikuwa ameyasema mara mia.

"Gauni ni zuri, dada yangu. Ila picha haina mabega yako. Huyu binti anasimama tu apigwe picha. Wewe utakaa, utacheza, utabeba watoto wa watu. Nipe mwili kwanza, halafu tutazungumza habari ya picha."

Msanifu alicheka, akanyoosha mikono apimwe. Alipoambiwa ageuke, macho yake yakakutana na kalenda. Akauliza ni ya nini. Mama Futi alieleza kwa fahari huku akimpima kiuno: ile ndiyo nyumba yao, msingi unaanza Jumatatu, na mama mkwe wake mwenye maradhi ya magoti ndiye anayejengewa.

Msanifu aliitazama nyumba ile kwa muda mrefu.

"Umeniambia picha haina mabega yangu," alisema taratibu. "Na picha hii, ina magoti ya nani?"

Mama Futi hakuelewa mara moja. Lakini masikio ya Bibi yalikuwa mazima kuliko magoti yake. Kutoka chumba cha pili alisema apelekewe hiyo kalenda. Akaiweka mapajani, akaweka kidole kwenye ngazi za mbele ya mlango wa bluu, akaanza kuhesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Kidole kilipanda polepole mpaka mlangoni.

"Tisa," alisema. "Si haba. Zimepungua kutoka ishirini na tatu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mama Futi alijisikia uso unawaka kwa aibu. Miaka minane ameitazama picha ile. Kila wiki alikuwa akiwakatalia watu gauni la pichani, na yeye mwenyewe alikuwa tayari kumvisha mama mkwe wake nyumba ambayo hakuna aliyempimia.

Jioni kinyozi aliporudi, alizikuta habari zinamngoja. Hakuzipenda. Alisema ngazi tisa si kitu, yeye ana mikono, atamshika mama yake na kumpandisha.

"Na ukiwa kazini?" Bibi aliuliza.

"Nitamwita mtu, mama."

"Kwa hiyo nilikuwa kabati la juu, sasa nitakuwa kabati la chini."

Kinyozi aliumia. Si kwamba hakumpenda mama yake. Alimpenda sana, na nyumba ya kalenda ilikuwa njia yake ya kulisema hilo. Tena mtaa mzima uliijua nyumba ile. Akijenga nyingine, watasema amebwaga manyanga, amejenga kibanda. Alikaa kitini akitazama sakafu.

Mama Futi alivuta kigoda akakaa karibu naye.

"Mume wangu, mteja akikuletea picha ya mtu mwenye nywele tele, na yeye kichwani ana upara, huwa unamwambiaje?"

Kinyozi alijaribu kununa, akashindwa. "Namwambia tuanze na kichwa alichonacho."

"Basi na sisi tuanze na magoti tuliyonayo."

Hapo hapo Mama Futi alichukua daftari lake la vipimo, lile ambalo kila mteja ana ukurasa wake. Akafungua ukurasa mpya, akaandika juu: Bibi. Kisha akavua futikamba shingoni.

Alimwomba mama mkwe wake ainue mguu wa kulia kadiri awezavyo. Inchi nne. Wa kushoto, inchi tatu kwa taabu. Akamkalisha kwenye viti mbalimbali. Kwenye kiti cha inchi kumi na tano Bibi hakuweza kuinuka bila kuvutwa, lakini kwenye cha inchi kumi na nane aliinuka mwenyewe. Akampima upana akiwa amesimama na mikongojo yake miwili, viwiko vimetoka nje. Inchi thelathini na mbili. Akampima mkono unafika wapi bila kujinyoosha, ili swichi na vitasa vikae hapo.

Bibi aligeuka huku na huku kama bi harusi.

"Nimepimwa magauni mengi katika maisha yangu," alisema. "Kupimwa nyumba, hii ndiyo mara ya kwanza. Andika na kiuno, usije ukasema sikukuambia."

Kinyozi ndiye aliyeandika namba daftarini. Alipofika kwenye inchi tatu za mguu wa kushoto, kalamu ilisimama. Hakuwa amejua kuwa mama yake ameishiwa nguvu kiasi kile.

Jumamosi asubuhi walikutana kiwanjani. Msanifu, aliyekuwa ameahidi kuwasaidia, alikuja na kofia pana na chupa ya maji. Fundi mwashi alikuja amekunja mikono. Alisema amejenga tangu huyu mama yuko shule, na hajawahi kuona nyumba inayoanza na magoti.

Msanifu hakukasirika. Kwanza alimwomba Mama Futi vipande vya vitambaa. Mama Futi, ambaye nyumbani ana magunia ya vipande hivyo, alikuwa amebeba mfuko mzima. Walichomeka vijiti kila kona ya kiwanja na kufunga kitambaa kwenye kila kijiti. Kisha wakakaa chini ya mwarobaini wakisubiri. Haukupita muda vitambaa vikaanza kucheza. Vyote vilielekea upande mmoja, kutoka bondeni kwenda mlimani.

"Upepo wenu unapita hapa," alisema msanifu. "Tukiweka dirisha huku, na jingine kule mkabala wake, utaingia na kutoka bila kubisha hodi. Dirisha moja peke yake halileti upepo. Hewa ikiingia isipate pa kutokea, inakaa."

Mama Futi alikifikiria chumba chake cha ghorofani na dirisha lake moja. Kumbe miaka yote alikuwa anailaumu hewa bure.

Waliendelea kukaa pale, jua likipanda na kuteremka. Msanifu aliwaonyesha kwamba jua la asubuhi na la jioni huja chini chini na kupiga ukuta moja kwa moja. Kwa hiyo kuta fupi ndizo zitazame mashariki na magharibi, na kuta ndefu zenye madirisha zitazame kaskazini na kusini. Juu yake paa litokeze mbele kwa upenu mpana, kivuli kianguke kwenye ukuta na mvua isiupige. Vile vioo vikubwa vya kwenye kalenda vilitengenezwa kwa nchi ya baridi, ambako watu wanalitafuta jua. Hapa vingewaoka kama mikate.

Kinyozi aliuliza habari ya bomba la moshi. Aliambiwa kwamba kule wenye nyumba huwasha moto ndani ili wapate joto, na paa limechongoka ili theluji iteleze.

"Theluji tutaitoa wapi sisi?" fundi mwashi aliuliza, na kwa mara ya kwanza siku ile alikunjua mikono.

Kuhusu mwarobaini, msanifu alisema mti ule umeshafanya kazi miaka thelathini kutengeneza kivuli, na hakuna dari itakayoushinda. Nyumba ndiyo isogee, si mti. Wakahamisha kamba za fundi hatua sita upande wa mashariki, na mti ukabaki kwa mbele, upande wa magharibi, kulizuia jua la jioni.

Kinyozi alisaidia kuvuta kamba. Hatimaye akasema, "Kwa hiyo picha yangu haina faida."

Msanifu aliweka penseli chini. "Katika picha ile, niambie kitu kimoja unachokipenda kuliko vyote."

Kinyozi alifikiri. Alijikuna kidevu. "Mlango," alisema kwa sauti ndogo. "Ule wa bluu. Nilikuwa nawaza kwamba siku moja mama ataufungua kwa mkono wake."

"Basi mlango utakuwa wa bluu," alisema msanifu. "Utakuwa na upana wa futi tatu, mikongojo ipite. Na ikifika siku ya kiti cha magurudumu, nacho kitapita."

Kinyozi aligeuka akajifanya anautazama mti.

Baada ya hapo kulikuwa na suala la matofali. Fundi mwashi alitaka yale ya kuchoma. Mama Futi aliuliza yanachomwa kwa kitu gani. Fundi akaelekeza kidole kwenye kilima nyuma ya mji. Zamani kilikuwa msitu. Miti iliingia kwenye tanuru za matofali, gogo kwa gogo, na sasa kilikuwa kimebaki udongo mtupu, na kila mvua ilikiteremsha kidogo. Kinyozi alisema kama kilima kile kingekuwa kichwa, yeye asingekubali kukinyoa hivyo.

Msanifu alichukua chupa ya kioo. Wakachimba shimo, wakauweka pembeni udongo mweusi wa juu, kwa kuwa una mizizi na majani. Huo haufai kwa tofali, unafaa kwa bustani. Udongo wa chini waliutia kwenye chupa pamoja na maji, wakaitikisa, wakaiacha itulie mpaka siku ya pili. Mchanga ulilala chini, udongo laini ukakaa juu. Mchanga ulikuwa mwingi zaidi, na hiyo ilikuwa habari njema. Udongo kama huo, ukichanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono, hutoa tofali gumu bila kuni hata moja. Saruji kiasi gani, hilo hutegemea udongo, kwa hiyo walifyatua matofali machache ya majaribio kwanza.

Mashine waliazimwa na ushirika wa wajenzi. Watu wa mtaani walikuja kujifunza, wanawake kwa wanaume. Aliyekuwa hodari kuliko wote kuvuta ule mkono wa chuma alikuwa muuza mboga mmoja mwembamba, na wanaume walimpisha kwa heshima kila alipoushika.

Kinyozi naye alijifunza kwa bidii, tena kwa haraka mno. Wiki ya kwanza aliachwa peke yake na matofali tisini mabichi. Aliona aharakishe mambo. Akayaanika yote juani kama nguo. Siku ya tatu yalikuwa yamepasuka, yanamomonyoka pembeni.

Alidhani atagombezwa. Msanifu alimweleza tu kosa lilipo. Tofali lenye saruji halikauki, linakomaa. Linataka maji na kivuli. Lifunikwe kwa nailoni au majani, linyunyiziwe maji kila siku wiki nzima, kisha likae kivulini mpaka litimize wiki nne.

"Ni kama kichwa kilichotoka kunyolewa," Mama Futi alimsaidia. "Wewe mwenyewe huwaambia watu wasikimbilie juani."

Tangu siku hiyo kinyozi aliyanywesha matofali yale kama miche. Yaliyopasuka hayakutupwa, yalipondwa yakawa kifusi. Tofali la kwanza lililokomaa alilipandisha ngazi ishirini na tatu hadi kwa mama yake. Bibi aliligonga kwa kifundo cha kidole, kana kwamba anabisha hodi, kisha akajiitikia mwenyewe, "Karibu." Akalikalisha dirishani karibu yake, na kila aliyepita alionyeshwa.

Msingi ulijengwa kwa mawe. Ulipanda inchi kumi na mbili juu ya ardhi, ili matone ya mvua yasirukie matofali. Hapo swali la magoti likarudi: Bibi atapandaje inchi kumi na mbili? Msanifu alisema watatengeneza mteremko badala ya ngazi, na kipimo chake ni rahisi. Kila inchi moja ya kupanda, futi moja ya kwenda.

"Inchi moja, futi moja," Mama Futi alirudia. Kipimo kile kilimpendeza sana.

Lakini hesabu ilimaanisha mteremko wa futi kumi na mbili, na fundi mwashi aliona ni kupoteza nafasi. Futi sita zinatosha, alisema, mbona matoroli yanapanda. Mama Futi hakubishana. Aliomba ubao wa futi sita uegemezwe kwenye msingi, toroli lijazwe mawe, na fundi mwenyewe alisukume, lakini taratibu, kwa mwendo wa Bibi. Fundi alisukuma. Katikati ya ubao toroli lilisimama, likatafakari, likarudi nyuma pamoja na fundi wake mpaka kwenye kifusi. Waliokuwepo walicheka mpaka wakashika mbavu. Fundi alijipangusa vumbi, akachukua kamba, akapima futi kumi na mbili mwenyewe bila neno. Mteremko ulipita kando ya mwarobaini, kivulini, ukiwa na reli ya kushika pande zote mbili.

Siku moja, kuta zikiwa zimefika kifuani, alikuja jirani wa upande wa bondeni. Alikuwa mama mfuga kuku. Alisimama mbali kidogo, kama mtu anayeogopa kuonekana mkorofi.

"Nimekuja kuuliza maji yenu yatakwenda wapi," alisema. "Kila anayejenga juu yangu, mimi napata ziwa. Mwaka jana kuku wangu walilala juu ya meza."

Kinyozi alikuwa na mpango wa kuusakafia uwanja wote kwa saruji, kama ule wa kwenye kalenda. Hakuwa amefikiria kwamba mvua ikinyesha juu ya saruji hainywewi na ardhi, inateremka yote kwa jirani. Aliona haya. Alimwomba msamaha mama yule kwa kosa ambalo alikuwa bado hajalifanya. Uwanja uliachwa udongo na nyasi. Maji ya paani yalikingwa kwa mifereji hadi kwenye tangi, wapate ya kufulia na kumwagilia. Tangi likijaa, maji ya ziada yaliingia kwenye lile shimo walikochimbia udongo wa matofali, ambalo sasa lilijazwa mawe ili ardhi iyanywe polepole. Mvua kubwa ya kwanza ilipopita, mfuga kuku alipanda mlima mdogo ule na trei ya mayai. Kuku, alisema, walilala mahali pao.

Nyumba ilikamilika. Haikufanana na kalenda hata kidogo, isipokuwa mlango. Kinyozi aliupaka rangi mwenyewe, mara tatu, na alimfukuza kila aliyeukaribia kabla haujakauka. Nje, kando ya mlango, fundi alijenga benchi la kukalia chini ya upenu. Kimo chake kilikuwa inchi kumi na nane kamili, kama lilivyosema daftari.

Siku ya kuhama, Bibi alishushwa ngazi ishirini na tatu kwa mara ya mwisho.

"Liangalieni vizuri kabati," aliwaambia wabebaji. "Hamtalibeba tena."

Walipofika, gari lilisimama mwanzo wa mteremko. Kinyozi alinyoosha mkono. Bibi aliutazama ule mkono, kisha akatikisa kichwa. Akaipanga mikongojo yake. Alipanda hatua kwa hatua, akapumzika mara moja chini ya mwarobaini, akaendelea. Watu wa mtaa walikuwa wamejaa uwanjani wakimtazama. Alishika kitasa, akasukuma. Mlango wa bluu ukafunguka kwa mkono mmoja.

Aliingia ndani. Kabla hawajapiga vigelegele alikuwa amegeuka, ametoka nje. Akaingia tena. Akatoka tena. Aliingia na kutoka mara tano, na mara ya tano alikuwa akicheka na machozi yanamtiririka. Kinyozi naye alilia mbele ya wateja wake wote, wala hakujali. Nyumba yake, aliyohofia watu wataiita kibanda, ilikuwa imejaa watu wanaoulizana ubaridi ule unatoka wapi. Fundi mwashi alizunguka akiwaeleza habari ya madirisha yanayotazamana, kana kwamba yeye ndiye aliyeyavumbua. Wiki iliyofuata, mtu alipomletea picha ya nyumba, inasemekana alimjibu alete magoti kwanza.

Ukapita mwezi. Alasiri moja Mama Futi alikuwa anashona. Upepo uliingia dirisha la kusini na kutokea la kaskazini, ukichezea pindo la gauni. Alitupa jicho kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa imepita saa tisa na nusu, naye hakuwa ametambua. Kitambaa mikononi mwake kilikuwa satini nyeupe, na kilikuwa kikavu.

Mtu alibisha hodi. Alikuwa yule muuza mboga, amekuja kuchukua sketi yake.

"Bibi yupo? Nimsalimie."

"Yupo," Mama Futi alisema bila kuinua kichwa. "Atakwenda..."

Akainua kichwa. Alinyanyuka akachungulia chumba cha mama mkwe wake. Kitanda kimetandikwa, hakuna mtu. Akaenda mlangoni. Mlango wa bluu ulikuwa wazi. Benchi lilikuwa tupu, na mikongojo miwili haikuwepo mahali pake. Kutoka bondeni, uwanjani kwa mfuga kuku, sauti anayoijua vizuri ilikuwa inasimulia jambo, na kicheko cha watu kiliifuata.

Mama Futi alisimama pale mlangoni, mkono kwenye futikamba. Akamgeukia mgeni.

"Hayupo," alisema. "Ametoka."

Kisha akalirudia neno lile, ingawa mgeni alikuwa amelisikia.

"Ametoka."